Madogo mnaoendesha gemu mpya nyumbani, acheni kusubiri mmalize kitabu

Jana tena kwenye grupu letu la gemu za mezani, zile za dadu na kila mtu anaigiza mhusika wake, dogo mmoja wa Soweto ya hapa Mbeya kaahirisha gemu yake mpya, eti "bado sijamaliza kitabu", kile cha sheria. Na wenzake wanamjibu "poa kaka, ukimaliza utatushtua". Hatamaliza. Nawajua nyie, mnashusha PDF mpaka simu inajaa halafu Jumamosi mnarudi kwenye kampeni ile ile, kisa kisichoisha, cha Dungeons and Dragons, yaani D&D, mnamfukuzia joka yule yule. Sina ugomvi na D&D, ipo tangu 1974 na itatuzika wote, ila ni nyie mnaolalamika mmeichoka.

1. Muda wa gemu mpya ni ile Jumamosi mtu amekosekana. Kuna msiba Tukuyu, kuna mechi ya Simba na Yanga, mmoja hayupo, basi wote mnalala. Kwa nini? Waliobaki wape Honey Heist, sheria zote ukurasa mmoja, nyie ni dubu mnaenda kuiba asali, kila mtu ana namba mbili tu, Dubu na Mhalifu, zote zinaanzia 3, na dadu ya ludo inatosha. Sisi tulicheza Julai ile baridi ya kutoa moshi mdomoni, shemeji akatoka na tochi akidhani mbwa wamevamia kuku.

2. Usifundishe, cheza. Hapa nasema yangu mwenyewe maana wengine watawaongezea chumvi. Nilikuwa nimeipenda sana Call of Cthulhu, ile ya 1981, watu wa kawaida wanachunguza mambo yanayowazidi akili. Yenyewe imezoeleka Marekani ya miaka ya 1920, mi nikasema naileta nyumbani, Chunya, miaka ya 1930, watu wanafurika Lupa kutafuta dhahabu, na kuna shimo moja wanaoshuka hawapandi. Nilijiandaa jamani. Nikachora ramani ya mgodi, nikaandika barua ya Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa kikoloni, nikaichovya kwenye chai ya rangi ili ionekane ya kale, kitabu nikaprinti steshenari pale Mwanjelwa kwa hela ambayo sitaitaja. Watu wakaja jioni, mihogo ipo, tangawizi ipo, na mimi badala ya kuwashusha shimoni nikasema "tuanze na kutengeneza makarakta", yaani wale wahusika wa kuigiza. Sasa toleo la saba mnalijua, unarusha dadu tatu, unajumlisha, unazidisha mara tano, nyingine unarusha mbili unaongeza sita, ziko nane hizo, namba za nguvu, akili, elimu na kadhalika, halafu elimu mara nne unapata pointi za ujuzi wa kazi, akili mara mbili za mambo yako binafsi, uzigawe kwenye orodha ndefu kuanzia kusikiliza hadi kupanda farasi. Watu watano, kitabu kimoja, kinazunguka kama kapu la sadaka. Mshikaji wetu mhasibu peke yake ndo alifurahi, alikuwa anawakagulia wenzake hesabu. Wengine wanachati. Dada mmoja akauliza "sasa shimoni tunaingia lini" nikamjibu kwa ukali kwamba avumilie, sheria hazijaisha. Kwa ukali! Mgeni kwangu, kaja na maparachichi. Giza likaingia, bajaji za Uyole zikaanza kuadimika, watu wakavaa masweta mmoja mmoja wakaaga, na barua yangu iko kwenye bahasha mfukoni, mpaka leo hakuna aliyeisoma. Yule dada hakurudi. Tukikutana sokoni ananiita "mwalimu".

Na kijitabu cha bure cha kuanzia kipo, kina kisa kizima ndani! Ningeandika makarakta sita usiku wa kuamkia, watu waje wachague, basi.

3. Sheria moja kwa tukio moja. Mtu akitaka kuruka ndo unamwambia kuruka kunakuwaje.

4. Wazee wa nyumbani waambie mapema. Mama akikuta vijana wamezunguka dadu na kuna mtu anapiga kelele "nimekufa", kwake hiyo ni kamari au ni mambo mengine ya kuitiwa mchungaji. Mama yangu nilimpa karakta mmoja aendeshe, muuza samaki, akamgomea mfalme bei, tukashindwa kuendelea na kisa.

5. Wote wamekosekana? Ironsworn, PDF yake bure, unacheza peke yako, dadu moja ya pande sita na mbili za pande kumi, huna hizo za kumi tumia programu ya simu.

6. Mkimaliza ulizaneni, turudie au tuachane nayo. Jibu likiwa hapana futa PDF, usitunze. Ile ya Chunya nilitaka kuifuta, mhasibu akakataa katakata, shiti ya karakta wake bado anayo, pointi kazimwaga zote kwenye uhasibu, kila wiki ananiuliza shimoni tunashuka lini. Nimemwambia Jumamosi yoyote mtu akikosekana, ila aje bila kalkuleta.