Bunduki za baba mkwe, kutoka Ohio hadi New Hampshire bila kulala New York

Juzi kaka mmoja kaniandikia inboksi, yuko Michigan, mkewe Mmarekani, baba mkwe katangulia mbele za haki na familia inahamia Maine, stoo kuna bunduki sita za mzee. Swali lake: "bro si naweza nikazitupia tu kwenye buti nikaondoka?" Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana mwaka jana mimi ndo nilikuwa huyo kaka, tena mimi sikuuliza mtu.

Mi nimekulia Tanga jamani. Bunduki nilizozijua ni ya mlinzi wa benki na gobore la mzee mmoja kijijini la kufukuzia nguruwe pori, basi. Sasa ukioa Ohio vijijini unaingia ukoo ambao Jumatatu baada ya Thanksgiving hakuna anayeenda kazini, wote wako porini kuwinda kulungu, hata shangazi. Baba mkwe ndo kanifundisha kulenga. Alikuwa mtu wa maneno machache, akikuonyesha kitu anakuonyesha mara moja tu, mara ya pili anakuangalia. Nilimpenda yule mzee kuliko nilivyowahi kumwambia.

Alipofariki, sisi tayari tunaishi New Hampshire, wosia ukasomwa, mke wangu kaachiwa shotgani ya Remington, bunduki ndogo ya .22 na rivolva ya Smith & Wesson ya .38 iliyokuwa inalala kwenye meza ya kitanda chake. Nyingine zote za shemeji, kaka yake. Pale mezani, mbele ya mashangazi na sahani za msiba, shemeji akauliza, tena hakuniuliza mimi kauliza watu: "Hivi huyu anaruhusiwa hata kuzigusa?" Huyu. Miaka tisa nimekula Krismasi na yeye.

Sikujibu. Ila wiki tatu nzima nikirudi kazini nilikuwa nasoma sheria usiku mpaka mke wangu akaanza kuniita mheshimiwa.

Na jibu la swali la shemeji, kwa faida ya wabongo na wakenya wote mnaosoma hapa: inategemea na karatasi zako. Mwenye green card anaruhusiwa kumiliki silaha kwa sheria ya shirikisho kama hana makosa mengine yanayomzuia. Aliye hapa kwa viza ya muda, ya shule, ya kazi, ya kutembea, amekatazwa, kuna misamaha michache kama mwenye leseni halali ya uwindaji lakini usijipe moyo kwa hiyo kabla hujaongea na wakili. Na hata kama una green card, ukitiwa hatiani kwa kosa la silaha unaweza kurudishwa kwenu. Mmarekani akikosea analipa faini au anafungwa kisha anarudi nyumbani kwake, wewe nyumbani kwenyewe ndo kunahojiwa. Ndo maana siwaelewi wanaosema "mbona wenyewe wanabeba tu".

Haya, turudi. Kwa kawaida mtu wa jimbo moja haruhusiwi kumpa mtu wa jimbo lingine bunduki mkono kwa mkono, lazima ipitie kwa muuza silaha mwenye leseni ya shirikisho, ujaze fomu 4473, ile ya kununulia silaha, rekodi zako zikaguliwe. Sheria hiyo ni ya 1968. Urithi peke yake ndo umeachiwa mlango: kama umeachiwa kwa wosia, au marehemu hakuacha wosia na sheria ya mirathi ikakupa wewe, unaweza kwenda kuichukua mwenyewe ukairudisha jimboni kwako, ili mradi huko kwako ni halali kuwa nayo. Kwa hiyo zile tatu za mke wangu zilikuwa poa, na nakala ya wosia tulitembea nayo.

Ila sasa shemeji, nadhani roho ilimsuta, siku ya kuondoka akanitolea Winchester moja ya kizamani katika zile zake akasema chukua hii, mzee angependa. Na mimi ndo nikawa mbaya, nikamwambia siwezi. Hii si urithi wangu, ni zawadi kutoka kwako, itumwe kwa muuzaji kule New Hampshire nikaichukulie kwake. Alikasirika hasa. Akataka pia kutupa magazini za risasi 30, yaani vile vibebea risasi vinavyochomekwa kwenye bunduki, nikakataa tena, kwa sababu New York tangu 2013 hawataki magazini inayozidi risasi 10, na sheria inayokulinda njiani inataja bunduki na risasi, magazini haijatajwa. Nikaonekana najifanya najua. Sawa, nilikuwa najua.

Hiyo sheria ya njiani ni ya 1986 na ndo uti wa mgongo wa habari yote hii. Inasema ukitoka mahali ambapo ni halali kuwa na silaha yako ukienda mahali ambapo pia ni halali, unaweza kukatiza majimbo ya katikati hata kama wao hawaitaki, lakini bunduki isiwe na risasi ndani, na bunduki wala risasi zisiwe mahali ambapo mtu aliyekaa ndani ya gari anaweza kuzifikia. Buti inatosha. Kama gari lako ni kama letu, SUV, nyuma na mbele ni chumba kimoja, basi kila kitu kiwe ndani ya boksi lenye kufuli, na droo ya dashibodi haihesabiki hata ukiifunga, wala kile kisanduku cha katikati ya viti. Kwa hiyo: toa risasi, funga kufuli, weka nyuma kabisa. Toa, funga, weka nyuma.

Rahisi eh? Sasa sikilizeni.

Shemeji ndo alipakia. Akasema zote tupu, nimeshakagua. Na mimi kwa vile nilishamkera mara mbili asubuhi ile sikutaka kumkera mara ya tatu, nikanyamaza, nikawasha gari. Masaa mawili baadaye tuko barabara kuu ya I-90, tumekaribia Conneaut, mji wa mwisho wa Ohio kabla ya Pennsylvania, mke wangu akaniuliza taratibu tu: "Ile ya baba umeifungua ukaiona?" Nikasema kaka yako kasema. Akasema, "Sijakuuliza kaka yangu kasema nini."

Tukatoka barabarani, tukapaki pembeni mbali na watu. Akafungua boksi. Rivolva ilikuwa na risasi tano.

Nilikaa pale nikatetemeka miguu, mtu mzima. Ohio tangu 2022 hawahitaji kibali cha kubeba kwa mtu mzima asiyekatazwa, kwa hiyo mpaka pale tulikuwa salama kwa bahati tu. Mbele kidogo ni Pennsylvania, halafu New York, na kule New York bastola yenye risasi bila leseni yao kifungo kinaanzia miaka 3 na nusu, na ile sheria ya 1986 isingenisaidia kitu kwa sababu sharti la kwanza kabisa nilikuwa nimelivunja. Isitoshe kwa New York bastola hata ikiwa tupu, ukiwa nayo pamoja na risasi zinazoingia ndani yake, sheria yao inaihesabu imejazwa! Mi nilipanga kila kitu nikaacha boksi zote za risasi Ohio kwa sababu hiyo, dola kumi na kitu nitanunua nyingine nyumbani, kumbe tano zimekaa ndani ya silinda zinanisubiri.

Mke wangu akazitoa, tukarudi nyuma kidogo kwenye duka moja la silaha wakakubali kuzipokea. Hatukuongea mpaka Buffalo.

Kwa hiyo kagua mwenyewe. Simaanishi uulize, simaanishi uonyeshwe kwa mbali, fungua uone mwanga upande wa pili. Shemeji akikuambia tupu, kagua. Mkeo akikuambia tupu, kagua. Heshima ya ukwe tunaijua sote lakini hakimu wa Albany, New York, hajui shemeji ni nani, na sisi Waafrika tunapenda sana kunyamaza ili tusionekane wabishi, tunanyamaza mpaka tunaingia kwenye matatizo yasiyo yetu. Mi nimechoka kunyamaza kwa kweli.

New York tulipita mkuku mkuku, mafuta na choo, basi. Kulala hapana. Kuna mtu wa Utah mwaka 2005 alikosa ndege ya kuunganisha pale Newark, New Jersey, akapewa begi lake, akalala nalo hotelini, bastola ndani imefungwa vizuri tu. Asubuhi karudi kiwanjani akaitangaza kaunta kama sheria ya ndege inavyotaka, wakamkamata. Alikaa ndani siku kadhaa. Alishtaki, na 2010 mahakama ya rufaa ikasema ule usiku hotelini begi lilikuwa mkononi mwake, linafikika, kwa hiyo ulinzi wa njiani haumhusu. Mtu mwenye nia njema kabisa! Baada ya Albany tukakatiza Troy, Bennington, Brattleboro, tukaingia Keene saa nane usiku na watoto wamelala.

Sasa wewe kaka wa Michigan. Kwanza niambie una viza gani, hujasema, na kama ni ya muda acha mkeo awe ndiye mrithi na mwenye ufunguo, halafu tafuta wakili kabla hujagusa chochote. Pili, ramani ya simu itakupitisha Windsor ikakutokeze Buffalo kwa sababu ni karibu zaidi. Hiyo ni Kanada, nchi nyingine, na kwa bastola hawana utani. Zunguka chini, Toledo, Cleveland, Erie. New York huikwepi, huwezi kufika Maine kwa barabara bila kupita pale labda upite hiyo hiyo Kanada, kwa hiyo anza safari alfajiri mkiwa wawili wa kuendesha.

Winchester ilifika kwa muuzaji baada ya wiki tano, nikalipa dola 40 za kazi yake. Ndani ya boksi shemeji hakuweka hata karatasi ya salamu. Nimemtumia picha ya mwanangu wa kwanza amesimama pembeni ya sefu, ameisoma, zile alama mbili za bluu nimeziona.