Land Rover Kuukuu Uani: Anza Chini, Rangi Baadaye

Ukiambiwa Land Rover haishiki kutu, muulize anayesema kalala chini yake mara ngapi. Bodi ni alumini, na alumini kweli haifanyi kutu nyekundu. Lakini bodi hiyo imekalia chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, na ukuta wa mbele, pale miguu ya dereva inapokaa, nao ni chuma. Waingereza walipoitoa gari hii mwaka 1948 vita vilikuwa vimekwisha na chuma kwao kilitolewa kwa mgao, ndiyo wakaifunga alumini. Hawakuwa wakifikiria sisi na upepo wetu wa chumvi.

Yangu ni Series III ya inchi 88 (ndio umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma), toleo lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Niliikuta Fuoni, hapa Unguja, chini ya mwembe, kuku wanataga kwenye kiti cha abiria. Injini iliwaka siku ya tatu, nami nikajiona fundi. Idd ilikuwa inakaribia, nikaipaka rangi ya kijani ikang'aa kama sahani mpya. Ilipoingia masika nikaingia shimo moja tu, wala si kubwa, nikasikia mlio kama mbao inapasuka. Nyuma upande wa kushoto ikakaa chini. Kishikio cha springi kilikuwa kimechomoka na kipande cha chesisi chenyewe. Watoto walikuja kuangalia gari mpya iliyopiga magoti.

Kwa hiyo wewe unayeanza, kabla hujanunua hata kopo moja la rangi, chukua nyundo ndogo na bisibisi kuukuu, ulale chini. Gonga chesisi yote, shibiri kwa shibiri. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya boga. Hapo chomeka bisibisi kwa nguvu; ikizama, weka alama ya chaki. Anza na boriti la nyuma linaloshika ndoano ya kuvutia, kisha vishikio vya springi, kisha ile mikono ya chuma inayotoka ubavuni kubeba bodi. Malizia na sakafu ya miguuni, na uinue zulia. Mimi chini ya zulia langu nilikuta puti, ile plasta ya kuzibia bodi, iliyopakwa juu ya magazeti, rangi nzuri juu yake. Aliyefanya hivyo alijua anachokifanya.

Chesisi hii ni sanduku: bati nne zimechomelewa pamoja, katikati tupu. Inaoza kutoka ndani, na ukiona tundu nje basi ndani umechelewa zamani. Chini yake kuna matundu ya kutolea maji, na gari iliyokuwa ikishuka pwani kubeba samaki utayakuta yamezibwa kwa mchanga na tope. Yazibue kwa waya mgumu, ingiza mpira wa maji, uoshe mpaka yatoke maji safi. Ila angalia maji yenyewe. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na kuosha chesisi kwa maji hayo ni kuilisha. Kinga maji ya mvua, au tumia ya bomba siku yanapotoka.

Kuchomelea unaweza kumwachia mwenye mashine, lakini kazi ya matayarisho ifanye mwenyewe, kwa sababu yeye analipwa kwa kiraka, hatasumbuka kutafuta mwisho wa kutu. Kata mpaka ukutane na chuma kinachong'aa, ndipo ufunge bati la milimita 2 au 3. Kiraka juu ya kutu kitadumu masika moja. Usikate sehemu mbili kubwa kwa mpigo, gari itapinda na milango haitafunga tena. Kata moja, chomelea, nenda nyingine.

Kuna mambo mawili hapa ambayo sitaki uyasome haraka. Tangi la petroli kwenye hii ya inchi 88 liko chini ya kiti cha dereva, pua na mdomo na ile mikono ya chesisi inayooza. Litoe kabisa, ulipeleke mbali, na usidanganyike kwamba ni tupu, maana tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Betri na oltaneta, ile inayochaji betri, zichomoe pia, umeme wa kuchomelea unaweza kuunguza oltaneta. La pili, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, wala iliyokalia matofali ya saruji. Tofali la saruji halitoi taarifa, linapasuka. Tafuta stendi za chuma au magogo mapana ya mbao ngumu.

Sasa alumini. Wenye boti za mashine wanakijua kile kipande cha zinki kinachofungwa kwenye mashine ili bahari ikile chenyewe, iache vyuma vingine. Kwenye Land Rover anayeliwa ni alumini. Popote inapogusana na chuma, na maji ya chumvi yakakaa katikati, alumini inageuka unga mweupe: chini ya milango, kwenye ukingo wa bodi ya nyuma, kuzunguka kila bolti. Wengi wanakimbilia bolti za stinlesi wakidhani wamemaliza. Nami nilifanya hivyo. Bolti zikabaki nzuri kama fedha, na alumini iliyozizunguka ikaliwa haraka zaidi. Dawa ni kuzitenganisha. Paka prima, ile rangi ya kwanza ya kushikia, pande zote mbili, weka washa ya plastiki au kipande cha mpira wa tyubu, bolti ipake grisi kabla ya kufunga. Ni kazi ya kuchosha, bolti baada ya bolti, na jirani atakuuliza kwa nini unavalisha gari viatu.

Bolti ndogo zilizoshika kutu nazitumbukiza kwenye siki usiku mzima, asubuhi nazisuuza kwa maji ya magadi na kuzipaka mafuta papo hapo. Zilizogoma kutoka zipe dizeli siku mbili kabla hujatia nguvu. Na nunua spana za inchi. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini nusu inchi ni milimita 12.7, na hiyo nafasi ndogo ndiyo inayoviringisha pembe za nati kuukuu. Nilivunja sita kabla sijaamini.

Breki usibahatishe. Mafuta ya breki yanavuta unyevu hewani, na hewa yetu imejaa unyevu, basi silinda zinaoza kwa ndani hata gari ikiwa imesimama. Badilisha raba zote na mafuta yote, na yakidondokea rangi yafute hapo hapo kwa maji, yanaibabua.

Umeme, nusu ya maradhi yake ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia chesisi. Taa hafifu, stata inayosua, geji inayocheza: kabla hujanunua kifaa chochote fungua waya unaotoka betri kwenda chesisi na ule wa kwenye injini, sugua mpaka shaba na chuma vionekane, funga, paka grisi. Injini sina mengi ya kusema. Ni silinda nne, ujazo wa cc 2286, silinda zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Nafasi ya vali ni milimita 0.25, ya pointi za distributa kati ya 0.35 na 0.40. Fundi yeyote mtu mzima ataikumbuka, mpe kahawa akae akuelekeze.

Rangi ndiyo ya mwisho. Ingoje kipupwe, Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu kidogo, na kabla ya kupaka futa bodi kwa maji baridi yasiyo chumvi hata kama uliifuta jana. Alumini ina prima yake. Ukiipaka ile nyekundu ya chuma peke yake itabanduka kama ganda la ndizi.

Yangu sasa kila ikirudi kutoka pwani ya Nungwi inaoshwa tumboni kabla mimi sijaoga. Na kila mwaka kabla ya masika naingiza mafuta ya gia ndani ya chesisi kwa bomba la kupulizia dawa ya mimea, nikizifunika breki kwa mifuko. Yanadondoka uani wiki nzima. Mke wangu ametoa sinia lake bovu la kukingia, na ameniambia nisifikirie kuliomba la pili.