Wageni Gani wa Hiyo Chupa?

"Shangazi, nina miaka 38, nimepanga chumba Tabata. Leo ni siku ya 23 sijagusa pombe. Mke wangu amekwenda kwao Korogwe na watoto wetu wawili kwa ugomvi mdogo tu, na mama mkwe anamzuia kurudi. Jioni upweke unanitesa. Jumamosi natazama mpira baa na wenzangu, nakunywa soda. Nimebakiza chupa moja ya wageni. Nifanyeje arudi, nisije nikarudia?" Baba Wawili.

Mwanangu, pole, na siku 23 si haba. Lakini ugomvi mdogo haumfungashi mwanamke virago na watoto wawili hadi Korogwe. Kuna jambo hukuliandika, na mama mkwe wako analijua. Niko upande wake. Siku hizi wanaume mnaoa mkitaka mke awe mlinzi wa chupa. Mlevi anayelindwa na mkewe hunywa siku mke akienda msibani.

Na hiyo chupa, wageni gani? Ni yako. Imwage chooni leo. Usimpe jirani, utaifuata. Baa nayo basi: harufu, kelele za goli, glasi za wenzako, kichwa chako kimevifunga pamoja na kilevi miaka yote hiyo. Mpira katazame kibanda umiza kisichouza pombe.

Hamu ya pombe hupanda, hufika kileleni, hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Kazi yako ni kuivuka hiyo nusu saa. Inapenda njaa, hasira, upweke na uchovu, na wewe unatoka kazini na njaa na uchovu, unafungua mlango unakuta upweke umekaa kitandani. Kwa hiyo kula ushibe kwa mama ntilie saa 11, kabla ya kupanda daladala. Njia ikipita baa, shuka kituo kingine. Saa 1 usiku piga simu kwa mtu yule yule kila siku, hata kama hamu haijaja, maana ikishakuja mkono hautabonyeza. Bora awe mtu aliyeacha pombe mwenyewe. Vikundi vya Alcoholics Anonymous, vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, vilivyoanza Marekani mwaka 1935, vinasimama juu ya hilo. Usingizi unaweza kusumbua wiki kadhaa. Usijinunulie vidonge vya usingizi.

Hili lisome mara mbili, kwa kuwa unalala peke yako. Ukiteleza, kiasi chako cha zamani sasa kitakuzidi nguvu. Na ukinywa siku kadhaa mfululizo, usiache ghafla ukiwa umejifungia chumbani. Kutetemeka na jasho huanza saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho, kifafa huweza kukuangusha ndani ya siku 2, na kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huona na kusikia visivyokuwepo. Hapo watu hufa. Nenda hospitali, taja idadi ya chupa bila kupunguza. Ufunguo wa akiba mpe jirani unayemwamini.

Mwisho wa mwezi ndipo wengi huanguka. Mshahara ukiingia, kabla hujatoka geti la kazini, lipa kodi ya chumba, kisha ada na chakula cha watoto vitume kwenye simu ya mama mkwe, si ya mke. Usiandike ujumbe wa kuomba arudi. Mwezi ujao tuma tena, tarehe ile ile.