Namba za lebo zitoke kwenye chupa yako mwenyewe

Ikiwa unatengeneza chakula cha kuuza na lebo yako ina jedwali la virutubishi, nakuomba uchukue kalkuleta ya simu kabla hujaendelea kusoma. Zidisha gramu za protini kwa 4, za wanga kwa 4, za mafuta kwa 9, kisha ujumlishe. Jibu linafaa kukaribiana na kilokalori ulizoandika. Likiwa mbali, lebo yako inakukana mbele ya mtu yeyote anayejua kuzidisha.

Mimi nilifanyiwa hesabu hiyo mbele ya macho yangu. Nasaga siagi ya njugu Kariobangi Light Industries, njugu nazinunua Nyamakima. Mwaka wa kwanza nilikwenda kuomba nafasi katika supamaketi moja hapa Nairobi, nikiwa na katoni moja na lebo 5,000 zilizokwisha chapishwa River Road. Afisa wa ubora alikuwa kijana mpole. Aligeuza chupa, akatoa simu, akabofya. Mafuta gramu 50, protini 25, wanga 20. Hiyo ni 450 na 100 na 80, jumla 630. Lebo yangu ilisema 520.

"Mama, hizi namba umezitoa wapi?"

Nilimwambia ukweli: gramu nilizitoa kwenye ukurasa mmoja wa intaneti, kilokalori kwenye chupa ya mtengenezaji mwingine. Alinirudishia chupa kwa mikono miwili, akasema nirudi nikiwa na namba zangu. Nilipanda matatu na katoni yangu magotini, nikijua kwamba lebo 5,000 zimekuwa karatasi tu.

Nimeandika haya kwa sababu kila mwezi naona wenzangu wakianzia pale pale nilipoanzia. Wanamlipa mchoraji kwanza, halafu wanatafuta namba za kujaza kwenye mchoro wake. Lile jedwali tunalopakua mtandaoni, lenye mistari minene myeusi, ni la Marekani. Linahesabu kwa kipimo cha mlaji mmoja, ambacho kwa siagi ya njugu ni vijiko viwili vikubwa, gramu 32, na zile asilimia za pembeni zimejengwa juu ya mlo wa kilokalori 2,000 kwa siku. Mwongozo wa Codex (tume ya kimataifa ya viwango vya chakula), ambao viwango vyetu vya Afrika Mashariki vinaufuata kwa karibu, unataka thamani kwa kila gramu 100 au mililita 100. Ukichanganya mitindo hiyo miwili, mnunuzi atadhani gramu 100 za bidhaa yako zina mafuta ya vijiko viwili tu.

Basi namba zitoke wapi? Kama hela ni chache, anza na hesabu. Serikali yetu na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walitoa mwaka 2018 majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Kenya. Pima kila kiambato kwa mizani, tafuta thamani yake humo kwa uzito huo, jumlisha, gawanya kwa gramu za bidhaa iliyokamilika, kisha zidisha kwa 100. Hapo ndipo wengi huteleza: njugu zikikaangwa hupoteza maji, na zikipepetwa maganda huenda. Kilo kumi za njugu mbichi hazikupi kilo kumi za siagi. Mimi hupima sufuria tupu, halafu sufuria na siagi, na kuandika daftarini kila mara.

Maabara ni bora zaidi, na ukifika mahali pa kuiweza usisite. Peleka chupa za siku tofauti, maana njugu za gunia hili si za gunia lile. Uliza kama maabara ina ithibati ya KENAS, shirika la Kenya linalothibitisha uwezo wa maabara, na kama ithibati hiyo inahusu kipimo hicho hasa unachokitaka. Kwa sisi wa njugu, sampuli ikiwa huko ipimwe aflatoksini, ile sumu ya ukungu, papo hapo. Kiwango cha juu ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla, na 5 kwa ile aina ya B1. Aflatoksini haionekani kwenye lebo, lakini siwezi kumuuzia mtu protini nzuri iliyobeba sumu ya ini.

Chumvi nayo ina mtego wake. Jedwali huitaja kama sodiamu, na chumvi ni sodiamu mara 2.5. Nikitia gramu 5 za chumvi kwa kilo ya siagi, gramu 100 zina nusu gramu ya chumvi, yaani sodiamu miligramu 200. Nimeona lebo ambapo chumvi yote imeandikwa kuwa sodiamu, mtu akijipaka matope bure.

Sasa maneno makubwa ya mbele ya chupa. Hapa naomba tuambiane ukweli kabisa. "Haina sukari": njugu yenyewe, bila kutiwa chochote, ina takriban gramu 4 za sukari kwa gramu 100, na Codex huruhusu maneno hayo kama sukari haizidi nusu gramu. Ukitia asali, hata "haikuongezwa sukari" huwezi kusema. "Haina kolesteroli" nayo inavutia, kwa kuwa ni kweli mmea hauna kolesteroli. Lakini mwongozo huo huo unataka mafuta yaliyoshiba yawe chini ya gramu 1.5 kwa gramu 100, na siagi ya njugu huwa nayo mara kadhaa ya hapo. Niliyafuta yote mawili. Mauzo hayakufa.

Mengine ni mepesi ukiyapanga: jina la chakula, viambato kuanzia kile kizito zaidi, uzito halisi, jina na anwani yako, nambari ya bechi, tarehe, namna ya kuhifadhi. Chupa inayouzwa kama "ya 400" ni ya mililita, nawe unauza gramu, kwa hiyo pima. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, usiichape kabla hujapewa kibali, hata kama mchapishaji anayo tayari kwenye kompyuta yake.

Jambo ninalolishikilia kuliko yote ni mzio. Mama mmoja wa Umoja alinipigia simu kuuliza kama siagi yangu ina simsim, kwani mtoto wake akila simsim huvimba midomo. Nilikuwa karibu kumjibu hapana, kisha nikakumbuka kwamba Alhamisi mashine ile ile husaga simsim ya wateja. Nilimwambia asinunue. Marekani imeihesabu simsim miongoni mwa vizio vikuu ambavyo lazima vitajwe tangu Januari 2023, lakini sikuhitaji sheria ya mbali kunifundisha. Lebo mpya ilipokwenda River Road, mstari wa kwanza chini ya viambato, kwa herufi nzito, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ulisema: ina njugu, na imesagwa kwenye mashine inayosaga simsim pia.