Mashine imezima, sampuli bado zinakuja

SWALI: Habari za kazi. Mimi niko maabara ya hospitali, juzi sistimu ya kompyuta iligoma masaa sita na mashine ya kemia nayo ikafa siku hiyohiyo. Tukaandika majina kwenye makaratasi, tyubu zote tukatia friji kumsubiri fundi. Mashine ilivyopona tukapima, potasiamu za watu wengi ziko juu mno! Sasa bosi anataka mpango wa maandishi, nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye hiyo friji. Damu ambayo haijazungushwa kwenye sentrifuji, ile mashine ya kutenganisha chembe na seramu (majimaji ya damu), ukiiweka kwenye baridi, chembe nyekundu zinashindwa kuishika potasiamu yake, inavuja kwenye seramu, na ubaya seramu inaweza isiwe nyekundu hata kidogo kwahiyo kwa macho hushtuki. Ukiiacha mezani napo glukosi inaliwa na chembe, kama asilimia 5 hadi 7 kila saa. Kama majibu hayo mlishayatoa wapigieni madaktari leo leo, mpango utasubiri. Na mashine ya kemia ikifa sentrifuji si imebaki? Zungusha, tenganisha seramu, ndo uweke friji.

Kwahiyo cha kwanza kwenye mpango wako ni karatasi moja ya kubandika ukutani: kipimo gani kinavumilia muda gani na kikikwama kinaenda wapi. Picha kamili ya damu ukiiacha kwenye joto la chumba itakungoja hata saa 24, aPTT (kipimo cha damu kuganda) masaa 4, gesi za damu ni nusu saa hivi basi. Kaeni na madaktari mapema, siku ambayo hakuna presha, mkubaliane vipi vinapimwa kwanza na vipi visichukuliwe kabisa siku hiyo. Na maabara mtakayoipelekea sampuli ulizeni yuniti zao, maana glukosi 5 kwa mmol/L ni 90 kwa mg/dL, mtu wa wodini usiku anaweza kuchanganya vibaya sana.

Upande wa sistimu wekeni boksi lenye fomu na stika zenye namba zisizogongana na za kompyuta, na viwango vya kawaida viwe vimechapwa kwenye fomu yenyewe kwa sababu hakuna kompyuta ya kukuwekea alama nyekundu. Majibu ya hatari piga simu, anayepokea ayasome tena kwako, andika jina lake na saa. Jina la mgonjwa peke yake halitoshi jamani, weka na namba ya faili.

Mashine ikirudi kontroli kwanza, yaani pima zile sampuli ambazo majibu yake yanajulikana, hata kama wodi wanapiga kelele. Kwenye kuingiza yale ya karatasi mmoja anaandika mwingine anahakiki.

Halafu mjaribu, ISO 15189 ya 2022, kile kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, nayo inataka mpango upimwe. Zimeni sistimu makusudi nusu saa, na zamu ya usiku pia, maana mpango unaohitaji watu watano usiku mtu yuko peke yake.

SWALI: Tuna UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, bado tuhangaike na hayo yote?

JIBU: Ndio! UPS nyingi zinakupa dakika za kumalizia sampuli zilizo ndani na kuzima mashine vizuri, sio za kufanyia kazi mchana kutwa. Betri zake nazo zinazeeka kimyakimya, jaribu yako wiki hii uone inashika dakika ngapi.