Rambirambi ya kukopi na kupesti ilivyoniumbua

Jamani leo naitoa aibu yangu hadharani ili nyie mjifunze bure. Mwaka jana rafiki yangu alifiwa na baba yake, mzee mmoja wa Tabata, tumekulia pale kwake tukimuibia maembe. Likafunguliwa grupu la WhatsApp la msiba, watu mia na kitu, mweka hazina anaposti listi ya michango kila saa, na mimi niko kwenye daladala nimebanwa, naona kila mtu kaandika kitu kasoro mimi. Nikasema isiwe tabu, nikafungua programu ya akili mnemba (AI), nikaiambia iniandikie rambirambi nzito, nikakopi nikapesti bila kusoma.

Kumbe chini kabisa kulikuwa na mstari: "Je, ungependa niifupishe kidogo?"

Grupu likapoa. Halafu shangazi yake akajibu, "Ndiyo baba, ifupishe." Yaani nilitamani nishukie hapohapo barabarani. Nikafuta, lakini si mnajua ukifuta inabaki ile alama kwamba ujumbe umefutwa, na watu washapiga skrinshoti zamani.

Ila kilichoniuma zaidi sio huo mstari. Jioni nimefika msibani, yule rafiki yangu kanivuta nyuma ya turubai, kaniuliza, "Umeandika mzee alikuwa mkarimu, mwenye tabasamu muda wote. Mzee gani huyo?" Nikakosa jibu, maana yule mzee alikuwa mkali balaa, maembe aliyahesabu yakiwa bado juu ya mti. Programu haimjui, kazi yake ni kukisia neno gani linafuata kutokana na maandishi lukuki iliyolishwa, kwa hiyo kwake marehemu wote walikuwa wakarimu. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 tumeizoea kwenye barua za kazi na ripoti za ofisini, huko sawa, hata mimi bado naitumia. Lakini anayesoma grupu la msiba yuko pale kwenye mkeka, macho yamemvimba, simu mkononi. Usimwambie hayo ni ya mtandaoni tu, kwake grupu na turubai ni msiba huohuo.

Kwa hiyo ukikosa maneno andika "pole sana" inatosha, wala hakuna atakayekucheka. Au tuma voisi, hata ukikwama katikati. Kama kuna kitu kimoja unachomkumbukia marehemu, andika hicho hicho. Ukitaka mashine ikunyooshee sentensi haya, ila soma mpaka chini, narudia, MPAKA CHINI. Na wewe uliyetuma elfu kumi na emoji ya mikono halafu uko mjini humuhumu, nenda ukakae hata nusu saa (wa mbali mpige simu, tunawaelewa).

Siku ya arobaini niliandika mwenyewe kwenye lile grupu: "Mzee alinikimbiza na fimbo mara nne, ya tano akanipa embe."

Shangazi akajibu kwa voisi, anacheka mpaka anakohoa, eti hiyo usiifupishe.