Re: IST ya kwendea kazini kuizungusha kwenye koni

Mkuu umeuliza kama Toyota IST yako ya kwendea kazini Mtumba kila siku inaweza kukimbizwa kwenye mashindano ya kuzunguka koni uwanjani (autocross) wikiendi na Jumatatu ikupeleke ofisini. Inaweza kabisa, mnatoka gari moja moja mnashindana na saa, raundi ni kama dakika moja tu, injini haiteseki. Kinacholika ni tairi, zangu ziliisha pembeni katikati bado mpya, siku hizi naongeza upepo kidogo afu nachora chaki ubavuni, ikifutika hadi chini ya kile kipembetatu kidogo kilicho kwenye ubavu wa tairi ujue tairi inalala kwenye kona, ongeza upepo tena. Mafuta ya breki yakiwa ya zamani badilisha, yanakuwa yamenyonya maji, yakichemka pedeli inazama. Kabla ya kuingia toa jeki, spea na kapeti ya dereva visirukeruke ndani, kaza nati za tairi. Jioni rudisha upepo wa kawaida.